Kisu Nilichomnunulia Mjomba

Mjomba alikuwa anafungua kisu kwa meno. Nilimwona Jumamosi moja mchana, jikoni kwetu Malton, pembeni ya Toronto, alipotaka kukata kamba ya gunia la mchele. Alitoa mfukoni kisu chake cha kukunja, akauma mgongo wa bapa, akavuta mpini kwa mkono wa kulia. Ka! Kikafunguka.

"Mjomba!" nikapiga kelele. "Hayo ni meno au koleo?"

"Nipishe, mama. Mchele haupikiki ndani ya gunia."

"Na kazini unafanya hivyo hivyo?"

Akacheka. Hapo ndipo nikaona jino lake la mbele limemeguka pembeni. Nilishikwa na butwaa. Tulikuwa tunakaa nyumba moja, tunakula sahani moja, na sikuwa nimeliona.

Kazi yake ilikuwa kwenye ghala la mizigo karibu na uwanja wa ndege. Kutwa alikuwa anakata mikanda ya plastiki inayofungia maboksi. Sasa mkono wake wa kushoto ulikuwa umebanwa na mashine, katika kiwanda cha kwanza alichofanyia kazi, majira yetu ya kwanza ya baridi. Vidole vyote vilibaki, lakini havikunjiki wala havishiki kitu. Alipopona akapata kazi hii ya ghala, na huko hakumwambia mtu. Mkono ulikaa kwenye glavu au mfukoni. Maboksi aliyabeba kwa kuyakumbatia. Wenzake walidhani ana maringo.

"Wakijua mkono umekufa, nitabaki?" aliniambia siku hiyo huku anapima mchele. "Na nikikosa kazi, mke wangu atakuja vipi?"

Mke wake alikuwa Kigoma na watoto wawili, pale pale tulipokimbilia sote tulipotoka Burundi. Faili lao lilikuwa kwa watu wa uhamiaji, linasubiri. Sisi tulichoelewa ni mambo mawili tu: anayemwita mkewe awe na kazi, na asiwe na kesi yoyote. Mjomba alikuwa anaishi ndani ya maneno hayo mawili kama mtu anayetembea na yai kijikoni.

Na huyo mke naye alikuwa hajui habari ya mkono. Kila picha tuliyomtumia, Mjomba alisimama wima, kola imenyooka, mkono wa kushoto mfukoni. Barua zetu zilikuwa za kaseti. Mimi nilikuwa na rekoda nyekundu, na kwa kuwa nilikuwa naota kuwa mtangazaji wa redio, kila kaseti niliifungua mimi: "Wasikilizaji wetu wa Kigoma, hapa ni Toronto, ndege zinapita juu ya sufuria zetu!" Elimu yangu ilikuwa darasa la saba, kazi yangu kupanga biskuti kwenye makopo, lakini mbele ya ile rekoda nilikuwa mtu mkubwa.

Basi nikaanza kuota kisu. Kisu ambacho mtu atakifungua kwa mkono mmoja, jino lisiingie.

Kiangazi hicho kwaya yetu ilialikwa harusini Marekani, katika jimbo moja la kusini. Tulikodi basi dogo. Wakati wa kurudi tukasimama kwenye duka kando ya barabara kuu, duka linalouza petroli, kofia, karanga za kuchemsha na chambo cha samaki. Na kwenye kabati la kioo, karibu kabisa na karanga, visu. Nilisimama pale mdomo wazi. Kule kwetu mtu akiona visu vingi hivyo pamoja anatafuta njia ya kutokea.

Mwenye duka alikuwa mzee wa Kizungu mwenye tumbo la ukarimu. Nikamweleza kwa Kiingereza changu cha kupapasa: nataka kisu cha mtu mwenye mkono mmoja.

"Ana mikono mingapi hasa?" akauliza.

"Miwili. Mmoja haufanyi kazi."

Akatoa kimoja kidogo, mpini mweusi, kitufe ubavuni. Akabonyeza kwa kidole gumba. Chwa! Bapa likaruka lenyewe. Niliruka na mimi, wanakwaya wenzangu wakacheka mpaka wakakaa chini.

Yule mzee hakucheka. Akanieleza taratibu, kama mwalimu mwema. Katika jimbo lake unanunua na unatembea nacho, hakuna neno. Jimbo linalofuata, usikitoe mfukoni. Linalofuata hilo, usiwe nacho kabisa, watakufunga. Kila jimbo na lake. "Lakini," akasema, "iko sheria ya nchi nzima. Mtu mwenye mkono mmoja tu, kwa sheria hiyo anaruhusiwa kubeba, bapa likiwa fupi." Nikapima bapa kwa kidole changu cha kati. Fupi!

Mimi nikasikia lile neno tamu peke yake. Kwamba walioandika sheria, watu wenye suti, walikaa wakamkumbuka mtu mwenye mkono mmoja! Machozi yalinilengalenga pale mbele ya karanga. Sikusikia kwamba Mjomba ana mikono miwili, na kwamba msafiri mwenyewe, mimi, nina miwili mizima. Na sikuuliza kabisa: je, Kanada?

Mpakani afisa aliingiza kichwa dirishani. Bunduki? Pombe? Silaha yoyote? Sote tukajibu hapana, na mimi nilijibu kwa moyo mweupe. Silaha nilikuwa nazijua. Silaha ndizo zilizotutoa kwetu. Kisu cha kukatia mikanda ya maboksi hakikunijia hata akilini. Kilichonisumbua ni karanga, maana niliwahi kusikia chakula hakivuki ovyo.

"Bwana," nikasema nikiinua mfuko, "nina karanga za kuchemsha."

Afisa akaniangalia, akaangalia mfuko, akacheka. "Kula mwanangu, zitapoa." Akatupungia mkono tupite. Kisu kilikuwa chini ya karanga zile zile.

Nyumbani Mjomba alikibonyeza mara ya kwanza, bapa likaruka. Akakifunga, akakibonyeza tena. Akachukua chungwa, akalibana mezani kwa kigasha cha kushoto, akalimenya kwa mkono wa kulia, ganda likashuka refu, halikukatika. Akanipa nusu.

"Mkono mtupu haulambwi," akasema. "Wewe umerudi na mkono mzima."

Siku kama kumi na mbili nyumba yetu ilikuwa na furaha ya ajabu. Siku ya kumi na tatu Mjomba alirudi kutoka kazini mapema, uso umekauka kama kitambaa cha sahani.

"Bosi wangu amekiona," akasema. "Amenivuta pembeni. Ameniambia, hiki hapa Kanada ni silaha iliyopigwa marufuku. Yeye anasema hajakiona, lakini kesho asikione. Nikikamatwa nacho ni kesi."

Neno hilo la mwisho likaanguka sakafuni, sote tukaliangalia. Kesi.

"Lakini sheria ya mkono mmoja," nikasema.

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Ameniuliza, mkono gani mmoja? Nikanyamaza."

Ghorofa ya chini yetu alikaa mama mmoja Mgoa, mstaafu, aliyewahi kuwa karani wa mahakama Dar es Salaam. Ndiye aliyetusomea barua zetu zote za serikali. Nilishuka kwake na kandambili miguu tofauti. Akanisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mwanangu wee. Hiyo ya mkono mmoja ni sheria ya kule. Huku hakuna mkono mmoja wala miwili. Kukinunua kosa, kukivusha kosa, kukaa nacho kosa."

"Nitakitupa, mama."

"Wapi? Kwenye takataka, watoto wa jengo hili wakiokote?"

"Nitakirudisha kule kwa yule mzee."

"Umesahau mpaka? Safari hii utawapa karanga gani?"

"Basi nitakipeleka polisi sasa hivi, kwa miguu."

"Utapita nacho barabarani? Ukisimamishwa njiani, nani atajua ulikuwa unakwenda kukisalimisha?"

Nikakaa chini kwenye zulia lake. Sikuwahi kuona jambo la namna hiyo: kitu ambacho huwezi kuwa nacho, na huwezi kukiondoa. Kimekaa juu ya kabati la vyombo, kidogo kuliko kiganja changu, na kimefunga mlango wa mke wa Mjomba na watoto wawili.

Mama Mgoa akachukua simu. "Tunawapigia wenyewe. Tunasema ukweli kabla hawajatuuliza. Waje wakichukue." Kisha akanikazia macho. "Mwambie mjomba wako akiweke mezani, kimefungwa, asikiguse tena."

Kuwaita polisi! Kwetu polisi hawaitwi, polisi wanakimbiwa. Mjomba aliposikia aliketi kitandani, akavaa shati lake la kanisani, lile la kwenye picha. "Kama wananichukua," akasema, "wanichukue nimevaa." Nikamwambia kisu ni changu, nimekinunua mimi, nitakwenda mimi. Akaniambia nyamaza, wewe bado mtoto. Tuligombana hivyo, kila mtu anataka kufungwa yeye, mpaka mlango ukagongwa.

Aliingia polisi mmoja, kijana, mrefu, kofia inakaribia kugusa taa. Mama Mgoa alikuja nyuma yake akiwa amevaa lulu zake za misa. Huko kwenye korido milango yote ilikuwa wazi kidogo, na kwenye kila upenyo jicho.

Polisi akakiona kisu mezani. Kisha akamtazama Mjomba. Mjomba alikuwa amesimama wima kama kwenye picha, mkono wa kushoto mfukoni.

"Toa mkono mfukoni," polisi akasema.

Mjomba hakusogea.

"Bwana. Mkono. Taratibu." Sauti ilikuwa imebadilika, na mkono wa polisi mwenyewe ukashuka kiunoni.

Mimi niliwaelewa wote wawili, na hicho ndicho kilichonitisha. Polisi anaona mtu aliyeficha kitu. Na kweli Mjomba alikuwa ameficha kitu, ila si alichodhani yeye. Nilitaka kusema Kiingereza, kikaisha chote. Nikapiga kelele kwa Kiswahili: "Mjomba, utakufa kwa ajili ya aibu?"

Ndipo aliposogea. Aliingiza mkono wa kulia kwenye ule mfuko wa kushoto, pole pole, akaushika mkono wake mbovu kwenye kifundo, akautoa. Akaulaza mezani kando ya kisu, vidole vimenyooka, kovu linang'aa. Akasimama hivyo, ameinama kidogo, kama anayeonyesha bidhaa.

Ndege ikapita juu ya nyumba, vikombe vikalia kabatini.

Polisi akavua kofia. "Ni mashine?" akauliza.

"Mashine," Mjomba akajibu.

"Na kisu kilikuwa cha nini?"

Mjomba akatoa kile kisu chake cha zamani, akaomba ruhusa kwa macho, akakifungua kwa meno. Ka! Yule kijana akakunja uso kama aliyeumwa jino yeye.

Mama Mgoa akaeleza yaliyobaki, duka, mzee, karanga, yote. Polisi aliandika, akakitia kisu kwenye mfuko, akatupa karatasi ya kwamba amekipokea. Nikamwuliza kwa woga kama kuna kesi. Akasema mtu aliyewaita polisi mwenyewe waje wachukue kisu chake, yeye hamtafutii kesi, ila nisirudie tena, na nisinunue tena zawadi kwenye duka la chambo. Mlangoni akageuka akamwuliza Mjomba: "Kazini kwako wanajua?" Mjomba akatazama chini. "Waambie," akasema, akaenda, na milango ya korido ikafungwa mmoja mmoja.

Jumatatu Mjomba aliwaambia. Alikwenda bila glavu. Alirudi nikiwa nimeshapika ugali na kukosa hamu ya kuula. Akaweka mezani kitu cha plastiki ya njano, chenye wembe mdogo ndani. Unausukuma kwa kidole gumba, unatoka, ukiachia, unarudi.

"Wamekununulia?"

"Wamenunua nini! Liko boksi zima kabatini kwao. Bosi alinitazama, akaniambia, miaka miwili, bwana? Ungesema tu." Akacheka, kisha akaacha kucheka, akafunika uso kwa mkono wa kulia. Mimi nilibaki nimeshika mwiko. Jino la mtu limemeguka, mimi nimevuka majimbo matano na silaha chini ya karanga, na dawa ilikuwa kabatini.

Jioni ile akaniomba rekoda. Nikataka kufungua kama kawaida, wasikilizaji wetu wa Kigoma. Akasema leo hapana. Vile vitufe viwili vya kurekodi vinabonyezwa pamoja. Akavibonyeza mwenyewe, kidole gumba kimoja, cha shahada kingine, akaongea na mke wake. Nilitoka nje nisisikie.

Jibu lilichukua wiki nyingi. Tulilisikiliza tumekaa sakafuni, mimi, yeye na mama Mgoa. Kwanza watoto wakasalimu, wakagombea kusogelea rekoda. Kisha sauti ya mke wake, haina haraka.

"Baba, mkono huo nimeujua tangu picha ya pili. Nani anaweka mkono mfukoni siku ya ubatizo, ndani ya nyumba? Nilikuwa nasubiri uniambie wewe. Sasa umeniambia. Nikija, machungwa nitamenya mimi."

Mjomba akazima. Akarudisha kanda nyuma, akabonyeza tena, tukasikia upya tangu kwa watoto.