Maswali Arobaini kwa Mara Moja

Umugwaneza alizaliwa Mushaki, katika nyumba ya wafugaji, na kabla hajajua kusoma alikuwa anataja ng'ombe wa baba yake mmoja mmoja kwa jina. Alisomea informatiki, yaani elimu ya kompyuta, huko Goma, kisha akarudi nyumbani. Sasa ana miaka thelathini na miwili, naye ndiye anayetunza hifadhidata ya ushirika wa maziwa. Humo mna kila ng'ombe, mama yake, ndama zake, na maziwa aliyotoa asubuhi na jioni kwa miaka tisa. Ni mistari zaidi ya milioni tatu.

Mwaka huu Mama Geneviève, anayeongoza ushirika, alitangaza kanisani kwamba siku ya mkutano mkuu kila mfugaji ataiuliza mashini ya ushirika jambo lolote kwa simu yake. Alitangaza kwanza, ndipo akamuuliza Umugwaneza kama jambo hilo linawezekana.

Umugwaneza alicheka tu, akaanza kazi. Alinakili data yote kwenye kompyuta nyingine, ili maziwa ya kila siku yaendelee kuandikwa bila kusumbuliwa. Halafu akaandika programu ndogo iliyojifanya watu arobaini wanaouliza kwa mara moja: ng'ombe wa kilima gani wana maziwa mengi, mwaka gani ndama walizaliwa wengi. Majibu yote yalirudi kwa sekunde tatu. Alifurahi, kisha akaingiwa na wasiwasi, maana maswali yale aliyatunga yeye mwenyewe, anayejua mashini inapenda kuulizwa nini.

Asubuhi iliyofuata alikwenda pale maziwa yanapopokelewa. Papa Nzabandora, mfugaji wa miaka mingi, alikuwa anashusha bidoni zake za maziwa. Umugwaneza akamuuliza, kama angekutana na mtu aliyewahi kuona ng'ombe wote wa Mushaki, angemuuliza nini.

Mzee alifikiri kidogo. "Ningeuliza ni uzao gani haukaukake maziwa mu kiangazi. Si ngombe moja, dada. Mama yake, nyanya yake, mpaka kule ulianzia."

Umugwaneza alirudi ofisini mbio, akaliandika swali hilo, akalituma mara arobaini kwa pamoja. Dakika ya kwanza ikapita bila jibu, na ya pili. Dakika ya sita kompyuta ikanyamaza kabisa. Umugwaneza akapiga makofi peke yake ofisini. Heri imeanguka leo, alijiambia, kuliko mbele ya watu.

Sababu aliipata upesi. Ili kumjua mama wa ng'ombe mmoja, mashini ilipitia orodha nzima tangu juu hadi chini, kama mtu anayetafuta neno katika kitabu kisicho na faharasa. Basi akazitengenezea namba za mama wa ng'ombe faharasa yake. Maziwa nayo akayajumlisha mapema, mwezi kwa mwezi, ili yasijumlishwe upya kwa kila anayeuliza. Akatuma tena maswali arobaini: sekunde nne. Akatuma mia moja: sekunde tisa. Baada ya hapo akaitengeneza hivyo hivyo mashini yenyewe ya ushirika.

Siku ya mkutano walikuja hata wafugaji kutoka Kingi na Muheto, na simu zikatoka mifukoni. Papa Nzabandora aliuliza swali lake. Jibu lilimwonyesha ng'ombe thelathini na mmoja, wote uzao wa Bihogo, ng'ombe ambaye Verdiane, mke wa mzee, alikuja naye alipoolewa.

Mama Verdiane alisoma jina hilo mara mbili. "Na wewe miaka yote unasifu dume yako," alimwambia mume wake, na watu wakacheka mpaka mzee mwenyewe akacheka.

Umugwaneza alitazama skrini: watu hamsini na wawili kwa wakati mmoja, na mashini inajibu. Mama Geneviève akamletea kikombe cha maziwa, akamuuliza kama angeweza kutangaza kwamba mwaka ujao wataingia pia wakulima wa viazi.

"Mara hii uniulize kwanza, mbele ya kutangaza, Mama," alisema Umugwaneza.

Mama Geneviève akakiri kwamba tayari amekwisha kuwaambia.