Kapwipwi, Neno Letu la Bombani

Enzi zetu pale Katuba, Lubumbashi, mtoto hakupata nafasi ya mbele bombani kwa nguvu. Aliipata kwa neno. Mliochota maji pamoja nami mnakumbuka: Odette wa mama Kalenga, Véro mwenye pengo, mapacha Kyungu na Kabange, na mimi Ngoie. Ukileta neno jipya, lisilo na baba wala mama, na wote wakalisema mpaka Jumapili bila neno kufa, wiki nzima hupangi mstari. Shule niliiachia darasa la tatu, lakini bombani nilikuwa profesa! Neno langu kubwa lilikuwa kapwipwi: lile tone la maji baridi linaloruka kutoka kwenye ndoo kichwani, likakuingia shingoni na kuteremka mgongoni mpaka upige kelele. Mama aligomba: "Ngoie, maneno yako haijaze ndoo!" Hayakujaza, kweli. Tulifika tumelowa, tunacheka, na bukari, ugali wetu wa moto, inatungoja.

Bon, miaka ikapita, nikajikuta Forest, hapa Brussels, nalea mjukuu wangu Nadège. Alikuwa na miaka minane, ametoka Lubumbashi juzijuzi. Juu yetu alikaa Maman Encarna, Mhispania, na watoto wake walitawala ua wote. Kihispania chao hata mama yao kilimshinda, maana walijitungia maneno. Supu iliyopoa waliiita rechuflo. Nani aliwafundisha? Hakuna. Mkubwa wao Maribel, wa miaka kumi, ndiye aliyeshika kamba ya kuruka.

Wiki mbili Nadège alisimama ukutani karibu na mapipa ya taka. Siku moja akasukuma sahani, akaniita kambo, yaani bibi.

"Kambo, nataka kurudia kwetu. Huku hakuna mwenye kunijua."

"Wale batoto wanakufukuza?"

"Maribel anasema, bila neno mupya, hakuna kamba."

Mimi nikacheka mpaka machozi. Kumbe sheria ya bomba letu ilivuka bahari kabla yangu! Nikachukua kikombe cha maji baridi, nikamdondoshea tone moja shingoni. Akaruka juu.

"Ile njo kapwipwi," nikamwambia. "Beba, uwapelekee."

Kesho yake mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Nilikaa dirishani, nimeshika pazia kama naomba. Nadège akachovya kidole kwenye maji ya mvua yaliyobaki ukingoni mwa dirisha, akamwendea Maribel kwa nyuma, akamdondoshea. Maribel akapiga yowe. Nikasema moyoni, basi, mtoto wangu amekwisha. Mara Maribel akachovya kidole chake, akamkimbiza mdogo wake: "¡Kapwipwi! ¡Kapwipwi!" Na kamba akampa Nadège.

Lakini mimi nilingoja Jumapili. Sheria ni sheria. Jumapili Maman Encarna akarudi misani, akakung'uta mwavuli kwenye ngazi, akashika shingo: "¡Ay, qué kapwipwi, Maman Ngoie!" Odette, Véro, mngesikia!

Watoto wa leo neno wanalitoa kwenye simu. Linafika Jumatatu, Alhamisi nikilijaribu wananicheka: "Kambo, hiyo ilishakufa!" Maskini neno, hata kanisani halijafika. Letu tulilipata kwa shingo iliyolowa.

Odette na Véro walishatangulia. Mapacha sijui waliko, na bomba la Katuba naambiwa lilikauka. Nadège amekuwa mwanamke, anafanya kazi Auderghem, hapa hapa mjini. Lakini miaka mingi baadaye, kwenye kituo cha tramu, mvua ile ya Brussels isiyokwisha, mtoto mdogo nisiyemjua alimvuta mama yake nisiyemjua, akalalamika kwa Kihispania, na katikati ya maneno yake nikasikia letu. Kapwipwi. Sikumwuliza alilitoa wapi. Watu walikuwa wamepanga mstari mrefu. Tramu ilipofika, nikapita mbele yao wote, nikapanda wa kwanza.