Mtani Kwenye Karatasi za Mama

Mtani wetu alikuwa na haki ya kuchukua kipande cha nyama kwenye sahani yangu huku nikimtazama. Yeye Mnyamwezi wa Tabora, sisi Waluguru, na mambo hayo yalipangwa kabla babu zetu hawajaota meno. Aliweza kutuita watu wa mlimani tunaoona kizunguzungu tukifika barabara iliyonyooka. Nasi tuliweza kumwambia kwamba kwao mtoto huzaliwa tayari ana mzigo wa mtu mwingine kichwani. Hakuna kununa. Ukinuna unatozwa kuku.

Naanza na hilo kwa sababu bila utani, yule bwana asingetupata. Angekuja kama watu wengine wabaya, tungemwona.

Mama yangu ni mkandarasi. Ukisikia neno hilo usifikirie gari lenye vioo vyeusi. Ni mkandarasi wa majengo wa daraja la mwisho. Chini yake nadhani kuna mtu anayechimba choo kwa jembe la kuazima. Alianza kwa kubeba zege kichwani, akawa fundi mwashi, na miaka mingi akajenga chini ya wanaume waliokuwa wameazima vyeti vya wanaume wengine. Siku kampuni yake iliposajiliwa, alikitia cheti kwenye fremu na kukitundika sebuleni kwetu Mafiga, juu ya televisheni, mahali ambapo watu wenye akili timamu huweka picha ya harusi. Picha ya harusi ikahamia chumbani. Baba anaendesha lori la Zambia. Hajalalamika, labda bado hajaona.

Masharti ya bodi ya usajili wa makandarasi mama huyashika kama wengine wanavyoshika swaumu. Kibao chenye jina la kampuni lazima kisimame saiti kabla jembe halijagusa ardhi. Kazi inayozidi daraja lake haichukui, hata aletewe na mtu aliyevaa tai. Mwaka juzi jirani mmoja alikuja na sauti ya asali, anataka kuazima cheti aombee kazi ndogo ya halmashauri, eti atakirudisha Ijumaa.

"Chukua sufuria," mama akamwambia. "Chukua jamvi. Chukua na huyu mtoto akakuoshee vyombo. Cheti hakitoki."

Mtoto mwenyewe ni mimi. Sikupenda kujua kwamba mimi naazimika.

Sharti gumu kwake lilikuwa moja. Kampuni lazima iwe na mtu aliyesomea, fundi sanifu mwenye stashahada, na jina lake liandikwe bodi kama msimamizi wa ufundi. Mtu huyo awe wa kampuni moja tu, tena aonekane saiti mwenyewe, si vyeti vyake peke yake kulala kwenye faili. Mama aliishia darasa la saba. Mikono yake inajua kila kitu ila haina karatasi. Basi usajili wake wote ulikaa juu ya karatasi za mtani. Akitoka yeye bila mwingine kuingia, mama si mkandarasi tena. Ni mama mwenye fremu nzuri ukutani, anarudi kuwapangia matofali wale wale wenye vyeti vya kuazima.

Mtani aliingia kwetu nikiwa darasa la sita. Sasa nipo kidato cha tatu, na karibu kila upuuzi ninaochapiwa shuleni nilijifunza kwake. Yeye ndiye aliyenifundisha kukaza uso. "Mchekeshaji anayecheka kabla ya watu," alisema, "ni mwizi anayejipigia filimbi." Alinifundisha kuiga sauti ya mwalimu wa nidhamu hadi mwalimu mwenyewe akageuka kutafuta nani anamwita. Baba akiwa Zambia na mama akiwa na saruji kichwani, yeye ndiye alikuwa anasikiliza hadithi zangu hadi mwisho. Sitajifanya hapa kwamba sikumpenda.

Mwaka jana mwanzoni mama alipata kazi ya kujenga nyumba ya mwalimu kijiji kimoja huko milimani, ukiipita Kinole, migomba kulia, korongo kushoto. Mwalimu mkuu wa pale alikuwa analala ofisini, kitanda kimebanwa kati ya kabati na ubao wa ratiba, kwa hiyo kijiji kizima kilikuwa kinahesabu tofali. Mama alikuwa akishuka mjini siku mbili tatu kila wiki kufuata saruji na nondo. Siku hizo mtani alibaki juu kusimamia, na jioni alijaza daftari la saiti: nini kimejengwa, nani kakagua, saini. Hivyo ndivyo tulivyoamini.

Mwezi wa pili nikawa nachungulia picha za watu kwenye simu ya zamani ya mama, ile yenye kioo kilichopasuka kama ramani ya mito. Mwenzangu wa darasani, kwao Turiani, alikuwa ametupia picha ya ghala la mpunga linalowekwa jiwe la msingi. Mbele wazee wenye makoti. Nyuma kabisa, pembeni ya rundo la mchanga, mtu mwenye kizibao cha njano anatafuna muwa kwa jino la pembeni, kichwa kakiinamisha kama kuku anayesikiliza. Hakuna mtu mwingine duniani anayekula muwa vile. Na kwenye kizibao palikuwa na jina la kampuni, na kampuni yenyewe haikuwa ya mama.

Nikaihifadhi picha ile. Nilitaka kumchorea shela.

Jioni hiyo, Jumapili na saiti imelala, tulikuwa mezani, mama, mdogo wangu, mimi na mtani, ugali na mlenda. Nikakaza uso.

"Mtani, hongera. Nasikia umeolewa Turiani."

"Nani kakwambia?"

"Nimekuona na gauni. La njano. Umependeza kweli, ila bwana harusi kakuacha peke yako na muwa."

Mama alicheka hadi ugali ukampalia, nikampiga mgongo. Mtani akacheka kupita wote, akasema mama yangu amdai mahari huyo bwana haraka kabla hajaharibika. Mezani pakawa pazuri sana. Baadaye tunanawa mikono nje, akanimiminia maji, akasema taratibu, "Ile umeiona wapi?" Nikamwambia. Akatikisa kichwa kama mtu aliyefungwa goli zuri. "Nilipita tu kumsalimia rafiki, wakanivalisha. Usimchoshe mama na picha. Ya watani huishia kwa watani."

Mnajua nilijisikiaje? Nilijisikia mkubwa. Nilikuwa na siri ya mtu mzima mwenye stashahada. Hata sikujiuliza mtu anayesalimia rafiki anavalishwaje jina la kampuni mgongoni.

Likizo ya Pasaka nilipanda saiti na mama. Mvua za masika zilikuwa zimeanza, nyumba imefika usawa wa madirisha. Siku ya pili wakaja wakaguzi wa bodi, mwanamke na mwanaume, viatu vimebeba nusu ya mlima. Niliwaamkia, wakaitika vizuri. Walitazama kibao, wakasifu kibao. Walitazama nakala ya cheti, iko hai. Mama alisimama kama mwanafunzi aliyeng'arisha viatu siku ya ukaguzi. Nilimwonea fahari, nikaona na haya kidogo kwa kumwonea fahari.

"Msimamizi wako wa ufundi yuko wapi, mama?" akauliza yule mwanamke.

Mama akageuka. Yeye alidhani mtani yuko nyuma ya nyumba. Kibarua mmoja akajibu, "Si ulimtuma tangu alfajiri, mama? Alisema umemtuma."

Mkaguzi akatelezesha kidole kwenye kishikwambi chake, akamwonyesha mama sura. "Ni huyu?"

"Huyo huyo."

"Huyu wiki iliyopita tulimkuta Turiani kwenye ghala. Ni msimamizi wa kampuni nyingine. Barua yao inasema aliachana na wewe tangu Januari."

Mama akacheka. Kweli alicheka. "Huyo ni mtani wangu. Atakuwa amewatania."

"Ameitania bodi?" akauliza mwanaume, bila ubaya wowote, kama anayetaka kuelewa.

Kicheko cha mama kikaisha vibaya. Wakamwandikia asimamishe kazi palepale, na ajieleze kwa barua kabla ya siku waliyompa, la sivyo usajili wake utapelekwa mbele kujadiliwa. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama karibu na mkungu wa ndizi aliotuletea. Hakujua aubakize au arudi nao.

Kesho yake mchana, tumeshashuka mjini, mtani akaja Mafiga. Ameshika kuku miguu juu.

"Hodi, wachawi wa mlimani. Faini imefika."

"Karibu," mama akasema. Hakumrudishia tusi lolote. Mtani akakaa, kuku chini ya kiti, akatoa karatasi iliyokunjwa mara mbili.

"Ni kitu kidogo tu, mtani. Barua inasema uliniachia mwezi wa kwanza. Ukitia saini, mambo yamekwisha."

Mama aliisoma polepole, kidole chini ya kila mstari. "Yamekwisha kwa nani? Kama nilikuachia Januari, basi nyumba ya mwalimu nimeijenga miezi mitatu bila msimamizi."

"Utasema ulikuwa unatafuta mwingine. Wewe mwanamke, tena mtu mzima, watakuonya tu. Mimi wataninyang'anya riziki."

"Na daftari lina saini zako hadi juzi."

"Daftari hupotea." Alisema hivyo akitabasamu, sauti ile ile ya kuombea nyama. Mama alipoisukuma karatasi irudi kwake, tabasamu likabaki ila macho yakabadilika. "Halafu mtani, utawaambiaje hukujua? Mezani kwako hapahapa mtoto alisema nimeolewa Turiani. Ulicheka hadi ukapaliwa. Nami nitawaambia hivyo. Nyumba nzima ilijua."

Nimeshawahi kupigwa fimbo mbele ya shule nzima, nikarudi kwenye mstari nikiigiza kilema watu wakafa mbavu. Sijawahi kukosa la kusema. Pale nilimtazama kuku chini ya kiti. Kichekesho changu kizuri kuliko vyote alikuwa amekiweka mfukoni tangu mwezi wa pili, akakitunza, na sasa amekitoa kumfungia mama yangu.

Mama akanigeukia. "Ule ulikuwa utani?"

Ningeweza kusema ndiyo. Ningetoka msafi, na mama angebaki na neno lake dhidi ya neno la mtu mwenye stashahada. Nikaenda kuchukua simu. Nikamwonyesha ile picha, na tarehe yake juu.

"Nilijua ni yeye kweli," nikasema. "Akaniambia nisikuchoshe."

Mtani alinitazama kama mimi ndiye niliyemsaliti. Labda ndivyo alivyoona, na hilo ndilo siwezi kumsamehe. Mama akafungua daftari la saiti, akatafuta tarehe ile. Mwandiko wa mtani, mzuri, umelala upande: Nimekagua mkanda wa msingi, kazi safi. Saini. Siku hiyo hiyo, saa anazotafuna muwa Turiani.

Mama akainama, akamtoa kuku chini ya kiti, akamkabidhi mtani mkononi.

"Mtani huchukua kuku," akamwambia. "Wewe umechukua jina langu. Hilo sijui faini yake."

Mtani akaondoka. Hakusema neno la kuchekesha mlangoni, nami, Mungu anisamehe, nilikuwa nalisubiri.

Jioni mama akaniita nimwandikie barua ya bodi kwenye simu, kwa sababu dole gumba lake likibonyeza herufi moja zinatoka tatu. Akasema, nikaandika. Kwamba msimamizi wake alisaini siku ambazo hakuwepo. Kwamba hajamwachia wala hajaandika barua ya kumwachia. Kwamba kosa lake yeye ni kuamini daftari bila kupanda mlima kuhakiki, na analikubali. Kisha akatazama ukutani kwenye fremu.

"Andika. Mwanangu aliona picha ya mtu huyo Turiani mwezi wa pili, akanificha."

Kidole changu kikasimama. "Mama, hiyo lazima iwemo?"

"Watauliza picha imetoka wapi. Andika."

Nikaandika. Akaniamuru nimsomee barua yote kwa sauti, nikasoma, na ule mstari nikausoma.

Hawakumfutia usajili. Walimpa onyo la maandishi na muda wa kutafuta msimamizi mwingine, na muda huo ukala masika yote. Nyumba ya mwalimu ilisimama bila paa, majani yakaota madirishani, mwalimu mkuu akaendelea kulala na ratiba yake. Aliyepatikana mwishowe ni dada mmoja fundi sanifu, mkimya, anayepanda mlima kwa miguu yake na kumpigia mama simu akiwa huko juu. Hatanii. Sahani yangu haigusi.

Mtani bado ananitumia vichekesho kwenye simu. Sijibu. Vingine vinachekesha kweli na ninacheka peke yangu, halafu najichukia.

Wiki iliyopita tulikuwa mezani, nikasema mwalimu wa hesabu amekuja shule na viatu viwili tofauti, akafundisha vipindi vyote akificha mguu mmoja nyuma ya mwingine kama korongo. Mdogo wangu akacheka. Mama aliweka tonge chini.

"Ni kweli au unatania?"

"Ni kweli, mama."

"Umemwona mwenyewe?"

"Nimemwona."

Akafikiri. Akachukua tena tonge lake, akala bila kucheka, na mdogo wangu naye akarudi kwenye ugali wake.