Kibaraza cha Mashimba

Generoza alichora ramani za maghala ya ushirika kwa miaka kumi na mmoja. Soko huria lilipoingia ushirika ukapunguza watu, naye akapewa barua ya shukrani na meza yake ya kuchorea, kwa kuwa hakuna aliyejua inatumikaje. Akapanga chumba karibu na stendi ya Bariadi, akabandika mlangoni: "Tunakarabati Nyumba za Zamani." Hiyo "tu" ilikuwa yeye, pamoja na fundi Marcelo siku ambazo hakulewa.

Watu walicheka. Mwaka ule kila aliyepata lori la pamba alitaka nyumba inayofanana na benki.

Mteja wake mkubwa wa kwanza alikuwa Mashimba, zamani mpima pamba wa ushirika, sasa mnunuzi binafsi, mwenye mizani ya tabia ileile. Alikuwa amenunua nyumba ya mawe ya mfanyabiashara aliyehama: kuta nene, dari ya juu, kibaraza kirefu chenye nguzo za mninga.

"Mwadila, mayu," alimsalimu kwa Kisukuma, akimwita mama. "Kibaraza hiki kitoke. Watu watadhani nauza vitenge."

Generoza aliizunguka nyumba mara mbili. "Baba, hicho ndicho kinachozuia jua la jioni. Nitakutengenezea paa, nipake chokaa, niweke choo cha ndani. Vingine viache."

"Sikununua nyumba ili niiache."

"Sasa ulinunua ya nini?"

Swali hilo, ambalo mwenye njaa haliulizi, lilimkosesha kazi. Mashimba akaleta fundi kutoka Mwanza. Kibaraza kikabomolewa, dari ikashushwa, madirisha ya vioo yakatazama magharibi. Mbele zikasimamishwa nguzo nne nene za saruji zisizobeba kitu, kama wajumbe wa bodi.

Generoza akabaki na kazi ndogo ng'ambo ya barabara, kwa Siwema mwenye duka: kuimarisha kibaraza cha nyumba yake kuukuu.

Mashimba alifungua nyumba mwezi wa Oktoba, saa tisa alasiri. Wageni waliketi kwenye makochi ambayo hayajatolewa nailoni, wakaganda nayo. Mchungaji akaomba sala fupi kuliko zote alizowahi kuomba. Kisha mmoja akasema anakwenda kununua soda. Wa pili akamfuata. Muda si muda sherehe yote ilikuwa kibarazani kwa Siwema, sahani za pilau mikononi. Ndani alibaki Mashimba na mama yake, Nyanjige.

"Mwanangu, nyumba ni nzuri sana," alisema bibi. "Nitoe nje."

Generoza aliyaona yote, akafurahi kuliko inavyomfaa Mkristo. Furaha ilimtoka alipopita uani kwa Mashimba akakuta nguzo mbili za mninga zimefanywa kuni za pilau.

Wiki iliyofuata Mashimba alikuja ofisini. "Mayu, nimefikiria kitu cha kisasa. Kivuli mbele ya nyumba, kirefu."

"Kibaraza?"

"Hapana. Kivuli cha mbele."

Generoza alichukua penseli, akaandika juu ya karatasi: Kivuli cha Mbele. Akamchorea kibaraza kilekile. Mashimba alitangaza mjini kwamba wazo alilitoa Nairobi.

Mwaka uliofuata mnunuzi mwingine wa pamba alikuja kutoka Mwamapalala kutaka kivuli cha mbele kama cha Mashimba. Generoza alipofika huko alikuta nyumba inacho tayari, tangu enzi za aliyeijenga. Alibadilisha bati mbili, akapaka chokaa. Mwenye nyumba alimshukuru sana kwa ramani.