Mwaka wa Tatu wa Yomara Ticona

Mtu akikwambia Yomara Ticona ana kichwa kigumu, usibishane naye. Muulize tu kama amewahi kuona kichwa laini kikifika popote, hasa pale Oruro, mji wa migodi juu milimani, penye baridi ya kukata masikio.

Alizaliwa mtaa wa wadarizi, ambako kila mlango una mtu kainamia kitambaa, anashona shanga na nyuzi za fedha kwenye mavazi ya kanivali. Mama yake, Eulogia, alikuwa mmoja wao. Baba alichimba bati. Walimwandikisha mtoto kuwa mvulana, wakampa jina la babu, na mtoto akakua akiliitikia jina hilo shingo upande. Alipofika miaka kumi na saba, mezani, aliweka kijiko chini akasema, "Mimi ni msichana. Naitwa Yomara."

Baba akainuka, akachukua kofia yake ya mgodini, akahamia kwa dada yake. Eulogia akautazama mlango, kisha akaitazama sahani.

"Kula," akasema. "Nyama ya lama ikipoa ni sawa na kutafuna kiatu."

"Mama, umenisikia lakini?"

"Nimesikia. Yomara, kula."

Ubatizo gani mwingine alioutaka? Alikula huku machozi yakimwagikia kwenye mahindi.

Mwaka uleule macho ya Eulogia yakaanza kuingia ukungu. Sindano na shanga zilikuwa zimeyala. Ndipo Yomara alipokwenda kanisani, mbele ya Bikira wa Mgodini, akaweka nadhiri kama wanavyoweka watu wa pale: nitakuchezea kanivali miaka mitatu, mlinde mama yangu. Na pale nadhiri haina nusu. Ukicheza miwili ukaacha wa tatu, hata kuku wako akifa jirani atakwambia sababu.

Akaingia kwenye kikundi cha morenada, ngoma ya vinyago vizito na matarumbeta. Alicheza nafasi ya mrembo, na nafasi hiyo ilikuwa ya watu kama yeye tangu zamani, enzi ambazo wanawake wenyewe hawakuicheza. Zile buti za mapajani na ile sketi fupi ya kupepea ni wao walioleta. Mwaka wa kwanza akacheza, na wa pili akacheza, watu wakapiga makofi mpaka viganja vikawaka. Kabla ya wa tatu, mwenyekiti, Fortunato Achá, mtu mwenye malori na tumbo la kuyastahili, akawaita yeye na wenzake uani.

"Televisheni inakuja," akasema. "Siku hizi mabinti wa watu wenye heshima wanataka kucheza. Ninyi pumzikeni."

"Tupumzike mpaka lini, Mzee?"

"Aa, pumzikeni tu."

Shenzi kabisa! Waliobuni ngoma wakaambiwa wakae kando waitazame. Mkubwa wao, Rubí, aliyekuwa malkia wa njia ya kanivali, aliishia kuuza uji wa mahindi ya zambarau pembeni mwa barabara, na kila kanivali kikundi kilimpita mbele ya sufuria yake.

Yomara hakulia mara hii. Alikwenda kwa mpiga video wa maharusi akaomba kazi ya kubeba nyaya. Akabeba nyaya, akashika taa, akashika kamera. Punde mji mzima ukawa unamtafuta yeye, kwa sababu alijua mambo ya sherehe zao: kwamba mdhamini wa keki, yule aliyejitolea kuinunua, asipoonekana akicheza na keki yake, ukoo mzima utanuna, kwamba bia ya kwanza humwagwa chini kwa Mama Ardhi, na kamera haiwashwi kabla. Waliomtukana sokoni asubuhi walimwita jioni awapige harusi, naye akaenda.

"Unakwendaje kwa watu wale?" Eulogia akamuuliza.

"Mama, wao wananiona jioni moja. Mimi ninawaona mara mia nikikata filamu. Nani anamjua mwenzake?"

Kwa kamera hiyohiyo akapiga filamu ya Rubí na wenzake, wale waliofukuzwa. Akaionyesha kwenye shuka iliyotundikwa ukumbi wa soko. Katikati jiwe likaja, likatoboa shuka. Yomara akawasha taa, akasema, "Aliyerusha amekosa mwanzo. Tunaanza upya." Wakaanza upya, na aliyerusha, nasikia, alikaa mpaka mwisho.

Filamu ile ikamtoa. Ikampeleka nchi ambazo hakuzijua kwa jina, ikampeleka La Paz kulala kwenye ngazi za bunge pamoja na wenzake, wakidai vitambulisho vyenye majina yao. Walimwagiwa maji ya baridi, wakaitwa kila aina ya mnyama. Sheria ilipopita, Yomara alirudi na kitambulisho, akakiweka kiganjani mwa mama yake, na Eulogia akakipapasa kama anavyopapasa kitambaa kizuri.

Lakini mwaka wa tatu ulikuwa bado. Kila mwaka aliomba kucheza, kila mwaka Fortunato alisema nafasi zimejaa, na kila mwaka ukungu wa Eulogia ulizidi mpaka ikawa giza. Mama mwenyewe hakulaumu. Alisema tu, "Ningependa usibaki na deni kwa Bikira nikiondoka." Na maneno hayo Yomara alikuwa akienda nayo kitandani.

Kikundi kilipotimiza miaka hamsini, wanachama walitaka filamu, na walitaka ya Yomara. Fortunato akaja mwenyewe, kofia mkononi.

"Nitapiga," Yomara akasema. "Lakini nitakuwa mbele ya kundi, na nitacheza nikipiga."

"Piga unavyotaka, mradi nionekane."

Jumamosi ya kanivali akavaa buti zake za zamani, akatia kamera begani, akacheza kinyumenyume njia nzima, kisigino kikitafuta jiwe, jicho kwenye kioo cha kamera. Mchana wakafika kanisani. Pale wachezaji huvua vinyago na kuingia kwa magoti mpaka kwa Bikira. Yomara naye akakunja goti.

"Wewe unakwenda wapi?" Fortunato akamzuia.

"Ndani. Nimecheza mwaka wa tatu."

"Umecheza? Wewe ulikuwa kazini, dada. Jicho lako lilikuwa kwetu sisi. Bikira si mtoto mdogo, humdanganyi."

Watu wakangoja Yomara amchane, maana ulimi wake unajulikana. Lakini neno lile lilimchoma kwa kuwa lilikuwa kweli. Njia nzima aliwaza mwanga, akawaza nani yuko kwenye fremu, asimsalimu Bikira hata mara moja.

"Leo umesema kweli, Mzee," akajibu. "Ni leo tu, lakini umesema."

Akazima kamera, akaiweka kwenye ngazi.

"Unafanya nini? Hatujaingia bado! Hiyo ndiyo picha yenyewe!"

"Apige mwingine. Mimi sijaanza kucheza."

Akageuka, akashuka njia yote akipishana na vikundi vinavyopanda. "We dada, kanisa liko huku!" wakamcheka. "Nalijua! Nimeamua kulifuata kwa njia ndefu!" Alipofika mwanzo wa njia akasikia kishindo nyuma yake. Ni Ponciano, mpiga tarumbeta kubwa wa kikundi, ambaye video ya harusi yake aliipiga Yomara, pamoja na wapiga ngoma wawili.

"Mwenyekiti ametuajiri mpaka mlango wa kanisa," Ponciano akasema akihema. "Mlangoni tumefika. Sasa tuko huru."

Wakaanza. Nyuma ya kikundi cha mwisho, tarumbeta moja na ngoma mbili, Yomara akacheza akitazama mbele. Penye sufuria ya uji, Rubí akavua aproni, akampa mteja mwiko.

"Hata mimi mwaka wangu wa nadhiri haukuisha," akasema, akaingia pembeni yake, na magoti yake mabovu yote mawili.

Jua likiwa bado juu ya mlima wakafika mlangoni, kisigino kimoja cha Yomara hakipo. Fortunato alikuwa bado pale, amenuna kwa ajili ya picha yake. Akawatazama, akautazama umati unaowatazama, akasogea. Wakaingia kwa magoti. Yomara alikaa mbele ya Bikira muda mrefu, na yale aliyomwambia ni yake na Bikira.

Macho ya Eulogia hayakupona, nisikudanganye. Mama alikuwa akingoja nje, kwenye ngazi, amejifunga shali. Alishika buti lisilo na kisigino, akalipapasa, akaelewa.

"Umepiga picha?"

"Hata moja, mama."

"Afadhali," Eulogia akasema. "Zile filamu zako zote sijapata kuona hata moja. Hii nihadithie."

Yomara akaketi kando yake, akaanza kuhadithia tangu mtaa wa kwanza.