Sikio la Mwokaji wa Granola

Umewahi kujiuliza ni nani aliyeoka granola, ile shayiri ya asali uliyokula utotoni, au ulidhani inazaliwa ndani ya boksi? Lorna, mpakiaji katika kiwanda kimoja cha Michigan, Marekani, alimjua: mzee wa tanuri la pili, vidole vimegandwa na asali, sauti ya chini kama ya mtu aliye kanisani. Kila sinia lilipotoka alichota konzi moja, akaisogeza sikioni na kuiponda. Ikilia kama majani makavu, aliipitisha. Isipolia, alisema, "Bado dakika mbili," na kiwanda kizima kilisubiri. Kila Alhamisi, siku ya asali na lozi, mji wote ulinukia. Jumatano moja meneja alitangaza kwamba granola hiyo haitaokwa tena. "Mzee, tuachie basi maelezo yako ya kuioka, tuyahifadhi."

"Maelezo gani?" Mwokaji aligusa sikio lake. "Likate, ukaliweke kabatini."

Wenzake walicheka. Yeye alifagia tanuri mpaka chembe ya mwisho, akaitia mdomoni, akaitafuna polepole sana.

Asubuhi iliyofuata harufu ile ilimwamsha Lorna. Aliifuata akiwa na kandambili miguuni mpaka nyumbani kwa mwokaji. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, umezuiwa kwa buti la kazi, na majirani walisimama uani wameshika mabakuli. Mzee alichota konzi, akaiponda karibu na sikio la Lorna.

"Unasemaje, binti?"

Lorna alisikiliza. "Bado dakika mbili."

Mzee akarudisha sinia motoni.