Mashavu ya Minza

Kila msimu hapa Bukundi, wifi yangu Minza alichuma pamba huku mgongo ukimuuma, mpaka muuza dawa mmoja alipomuuzia vidonge. Maumivu yakaisha, mashavu yakajaa. Majirani wakasifu: "Ndoa imemkubali."

Vidonge vile vilikuwa homoni, ileile inayotolewa na tezi zilizo juu ya figo mtu akiugua au akishtuka, ili sukari na presha visishuke. Ukiimeza kila siku kwa miaka, tezi hulala. Hakuna aliyemwonya asiache ghafla.

Sukari yake ilipopanda, kaka yangu Mayige alivilaumu vidonge, akavitupa chooni. Katika kuvilaumu hakukosea. Wiki ileile Minza akaugua malaria. Mwili ukaiita homoni yake, tezi hazikuamka. Tulimfikisha hospitali sukari imeshuka, presha haisomeki, na hakuzinduka tena. Haya yote daktari alitueleza tukiwa tayari na maiti.

Msibani wanawake walimtazama jenezani. "Amekufa na afya yake," walisema. "Tazama mashavu." Nikaondoka pale jenezani nisije nikatukana. Kisha mmoja akanivuta pembeni, akaniuliza kwa upole vile vidonge Minza alikuwa ananunua wapi.